Msomaji Asiyejua Uchi

Jina alikuwa nalo, maana Miritini hata mbuzi walikuwa na majina, lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa Msomaji, basi. Kila Jumapili alisimama mbele kanisani akatusomea somo, na kwa kazi hiyo ndogo alijiona kama yeye ndiye aliyeliandika. Siku nyingine alilima muhogo kama sisi sote, ila yeye alilima na koti. Koti jeusi la sufu, la kizungu, katika jua lile! Ukipita shambani unamwona jasho linamchuruzika mpaka kwenye mpini. Ukimwamkia, "Shikamoo Msomaji," anaweka jembe chini, anafunga kifungo, ndipo anakuitikia, "Marahaba." Kifungo hakijafungwa, marahaba hupati.

Nilikaa jirani naye miaka mingi, ua kwa ua. Kuku wake walitaga kwangu, mbuzi wangu walikula mihogo yake, tukagombana, tukapatana. Kwa hivyo haya ninayoyasema sikusimuliwa. Mengine niliyaona kwa macho yangu na mengine niliyasikia kupitia ua wa makuti, na ua wa makuti haujapata kumfichia mtu siri.

Ugonjwa wake ulikuwa Kiswahili. Pale sote tulikuwa watu wa nyika, tuliteremka kutoka Rabai na Kaloleni kufuata kazi za reli na bandari, na Kiswahili chetu kilikuwa na mchanga kidogo, tukikubali wenyewe. Msomaji hakukubali. Yeye alidai hajui kilugha hata neno moja. Ati amekulia mjini kwa Wamvita, kwenye Kiswahili chenyewe. Ukisema "njia," anakukatiza: "Ndia, mama, ndia. Wenyewe wasema ndia." Ukisema "macho," anakwambia "mato." Siku moja mume wangu, mtu mpole asiyependa ugomvi, akamwuliza, "Na chai je, Msomaji, tuite tai?" Alitununia juma zima.

Aliwafukuza wachumba wawili wa binti yake kwa sababu hiyohiyo. Wa kwanza alikuja akakaa vizuri, akapewa uji, akatazama juu akasema, "Leo dzua ni kali." Dzua! Msomaji akainuka, akamwambia binti yake hawezi kwenda kukaa chini ya dzua, yeye amemlea chini ya jua. Kijana wa watu akaondoka na uji mdomoni. Wa pili hata kukaa hakukaa, alibisha hodi vibaya.

Sasa usidhani alikuwa mtu mbaya. Laiti angekuwa mbaya, tungemchukia tukapumzika. Wakati wa vita, waume wa wenzetu walipochukuliwa kwenda Burma, ni Msomaji aliyewasomea wake zao barua. Alisoma barua huku akiisahihisha. "Hapa mumeo asema 'nakukumbuka sana.' Amekosea, alitaka kusema 'nakukumbuka mno.'" Mwanamke analia, yeye anatafuta "mno." Lakini hakupokea hata yai kwa kazi hiyo. Na barua ikiwa na habari mbaya, aliikunja, akaisoma polepole, kisha akavua koti lake, naam, akalivua, akampasulia mwanamke yule kuni mpaka jua lizame bila kusema neno. Nilimwona akifanya hivyo zaidi ya mara moja, na kila mara nilikasirika, kwa sababu kesho yake ilikuwa vigumu kumcheka.

Ila tulimcheka. Siku moja katikati ya somo, siafu walimpanda. Tuliwaona wakipita chini ya mlango wakaelekea kwake, hakuna aliyemwambia, Mungu atusamehe. Alikuwa anasoma kwa ile sauti yake ya puani, ghafla akaruka akapiga ukelele: "Mayo wee!" Kanisa zima tukatazamana. Mayo ni mama, kwetu nyika. Mtoto yeyote wa Rabai akiumia ndivyo anavyolia. Baada ya ibada tukamzunguka kumpa pole, naye akatueleza kwamba mayo ni neno la Kiarabu, maana yake ni "haraka." Tukaitikia, "Ahaa."

Na tembo! Alilipiga vita tembo la mnazi kuliko shetani mwenyewe. Alitembea na bakora, akikuta kibuyu chini ya mnazi wa mtu anakivunja, kisha anakuhubiria. Wagema wa Miritini walimwona kwa mbali wakakimbia na vibuyu vyao kwapani. Jambo moja tu lilitushangaza. Kabla ya kuvunja, lazima ainame anuse. Ati ahakikishe. Na vingine akawa anavinusa muda mrefu kidogo, kisha anasema, "Hili la jana," ndipo anapiga.

Binti yake aliitwa Raheli. Alikuwa binti wa pekee, mrefu, mwenye kicheko cha ghafla, na mamake alikuwa akizungumza naye kilugha jikoni wakiwa wamefunga mlango, kama watu wanaogawana nyama ya wizi. Wasichana wa rika lake walikuwa washazaa. Watu washaanza kunong'ona. Ndipo akatokea Kazungu, seremala wa reli, kijana wa Kaloleni. Huyu alikuwa mjanja. Alipokuja kujitambulisha hakusema chochote, alikaa akatabasamu tu, akajibu kila swali kwa "Ndiyo, mzee" na "La, mzee." Msomaji akatoka akasema kijana ana Kiswahili safi sana. Raheli akaniambia kisimani, tukiwa wawili tu: "Mama Daudi, nampenda. Na huyu, baba akimfukuza, sikai tena ndani kungoja mwingine. Heri nizeeke na ndoo yangu." Alisema kwa utulivu, nami nikajua amemaliza.

Msomaji akatangaza kwamba harusi itakuwa ya nyumbani, palepale uani kwake, "ya shamba lakini ya kistaarabu." Basi, tukaipata. Wanaume wakajenga banda la makuti. Mabenchi yakatoka kanisani. Sahani na vikombe tuliazima nyumba hadi nyumba, kila mtu akafunga uzi wa rangi yake kwenye kishikio cha kikombe, maana Miritini kikombe kikitoka kwenda harusini bila alama hukioni tena. Sukari ilikuwa ya kibali kwa ajili ya vita, tukakusanya kibaba hapa kibaba pale, na mchele hivyohivyo. Kuni zililetwa vichwani na majirani hata wale aliowavunjia vibuyu. Ndivyo tulivyokuwa. Mtu unamsengenya asubuhi, jioni unampelekea kuni.

Kisha akataka keki. Amesikia Wazungu hawaoi bila keki. Nikamwambia, "Msomaji, sijapata kupika keki." Akaniambia, "Ni mkate wenye adabu." Nikapika mkate wenye adabu ndani ya sufuria, makaa chini, makaa juu ya kifuniko, ukatoka mweusi upande mmoja. Yeye akasema keki huwa nyeupe. Sukari ya kuipaka nyeupe itoke wapi wakati wa vita? Akafikiri, akaja na unga wa muhogo aliouvuruga kwa maji, akaipaka mwenyewe kwa mkono kama anayepiga lipu. Ilipokauka ikapasuka nyufa. Tukaigeuza, ule ufa mkubwa ukaelekea ukutani.

Tulikuwa uani siku moja, wanawake tupu, tunakuna nazi na kuchambua mbaazi, Msomaji amesimama juu yetu anatufundisha namna ya kuchambua, alipofika shangazi yake Kazungu. Alikuwa ametumwa na wazee wa upande wa bwana harusi. Akaamkia, akakaa, akasema kwa heshima: "Wazee wanasema msihangaike na jambo moja. Uchi watakuja nao wenyewe."

Hapa lazima nieleze, msije mkapotea. Kwa Waswahili wa pwani, uchi ni kutokuwa na nguo. Kwetu nyika uchi ni tembo la mnazi, wala si dhambi wala si utani. Harusi yetu haitimii bila uchi. Siku ya kumtoa binti, kibuyu kinaletwa mbele ya babake, naye anamwuliza binti mbele ya watu, "Ninywe?" Binti akisema kunywa, amekubali kuolewa, na baba akinywa, amemtoa. Baba asiponywa hakuna ndoa, hata ulete kanisa zima. Sisi sote pale tulilifahamu neno mara moja. Mkono wa mamake Raheli ulisimama juu ya mbuzi ya kukunia.

Msomaji naye alilifahamu. Nilimwona. Lakini angekirije, mtu asiyejua kilugha hata neno moja? Akavuta pumzi, akafunga kifungo, akapaza sauti.

"Waje uchi? Wazee wazima, wenye mvi zao, waje kwangu uchi?"

"Siyo hivyo, baba," shangazi akaanza.

"Kwangu haji mtu uchi! Hii ni nyumba ya mtu aliyestaarabika. Nenda kawaambie hapana ruhusa. Waje na kanzu!"

Shangazi akatutazama sisi, mmoja mmoja, amsaidie mtu. Hakuna aliyefungua mdomo. Kumfasiria neno lile mbele ya watu ilikuwa ni kumwambia usoni kwamba tunajua anajua. Akainuka akafunga kanga yake akaenda. Jioni ile nilimsikia mkewe kupitia ua. "Baba Raheli, wewe unajua walichosema." Ikaja sauti ya puani: "Mimi sijui kilugha." Na baada ya hapo nikamsikia Raheli akilia, kilio cha kujiziba mdomo, na nikatamani kupita kwenye ule ua nikamzabe mzee yule vibao viwili.

Siku ya harusi ikafika. Mpango ulikuwa wazee wa Kazungu waje nyumbani asubuhi wampokee binti, halafu tuandamane sote kwenda kanisani, ambako mchungaji alikuwa anangoja. Msomaji alikuwa mlangoni tangu mapema, koti limepigwa pasi, anawafundisha watoto kusema "Karibuni" bila mchanga.

Wakatokea. Walikuja kwa mstari, wazee watupu, na wote, kila mmoja wao, amevaa kanzu. Nyingine zilikuwa za kuazima, maana mmoja ilimburuta na mwingine ilimwishia magotini. Mikononi kila mmoja alibeba kitu cha mviringo kilichofunikwa bafta nyeupe na kufungwa shingoni kwa utepe. Msomaji aliangaza uso. Akatugeukia sisi wanawake. "Mwaona? Mwaona ustaarabu?" Alidhani ni zawadi. Akawakalisha kwenye mabenchi ya kanisa.

Msemaji wao alikuwa mzee mfupi mwenye sauti ya kukwaruza. Alisimama, akaweka kitu chake chini mbele ya Msomaji, akasema kwa Kiswahili cha taratibu, akichagua maneno:

"Tulitumiwa neno kwamba hapa haruhusiwi mtu kuja uchi. Tukatii. Tumevaa kama unavyotuona. Kisha tukaulizana, na uchi wenyewe je? Nao tukauvika."

Akafungua utepe. Bafta ikaanguka, kibuyu kikatokea, na harufu ikatokea.

Wallahi sijui niliishikaje pumzi. Nilitia kanga mdomoni nikaing'ata. Nyuma yangu mwanamke mmoja aliketi chini kabisa. Hata watoto walicheka, wasijue kwa nini. Msomaji alisimama pale, uso haueleweki, kisha akasema, "Sifahamu msemayo."

Mzee yule alikuwa akitabasamu. Tabasamu likamtoka.

"Hufahamu?"

"Sifahamu. Mimi sijui kilugha."

"Basi mzee mwenzangu," akasema, na sasa hapakuwa na mzaha, "huu ndio unaotuambia kwamba binti ametolewa na babake. Mtu asiyeufahamu hawezi kumtoa mtu. Sisi tulidhani tumekuja kwa mwenzetu. Naona tumekosea nyumba. Utusamehe." Akachukua bakora yake. Wale wengine wakaanza kuinuka, kanzu zinapigana miguuni. Kazungu alikuwa nyuma yao na suti yake ya kushona kwa Mhindi, anatazama chini. Asingeweza kuwaacha wazee wake, na sisi tulilijua hilo, na hakuna aliyecheka tena.

Raheli akatoka ndani. Bibi harusi hatoki, jamani, anafichwa mpaka aitwe! Yeye alitoka na gauni lake jeupe, uso wazi, akapita katikati ya wazee, akakichukua kile kibuyu kwa mikono miwili akapiga magoti mbele ya babake, kwenye vumbi lile.

"Baba, niulize."

Msomaji akamtazama, akatutazama sisi, akakohoa. "Je, binti yangu mpenzi," akasema kwa sauti yake ya somo, "ninywe kinywaji hiki?"

Mzee mfupi akatikisa kichwa. "Namsikia Mwarabu anauliza. Babake yuko wapi?"

Raheli hakuinuka. Machozi yalikuwa yanamteremka, naye hakuyafuta kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa imeshika kibuyu. "Baba," akasema tena, kwa sauti ndogo sana, "niulize."

Na yule mtu akafungua kinywa, na sauti iliyotoka sikuwa nimeisikia hata siku moja katika miaka yote ya ujirani wetu. Haikuwa ya puani. Ilitoka chini, nzito, ya mzee wa nyika hasa.

"Raheli mwanangu. Ninwe?"

"Nwa, baba."

Vigelegele vilivyopigwa hapo nadhani vilisikika stesheni. Mzee mfupi akampa mrija, ule wenye nyuzi nchani za kuzuia nyuki, akitaka kumwonyesha jinsi ya kuushika. Hakukuwa na haja. Msomaji aliugonga ule mrija kwenye kidole gumba, akaupuliza, akasogeza povu pembeni, akanywa akiwa amefumba macho. Akanywa, mwanangu. Akaendelea kunywa. Mkewe ikabidi amguse bega.

Tukaandamana kanisani tukiimba. Msomaji akasoma somo la siku ile, na nasema kweli, hakupata kusoma vizuri vile kabla wala baada. Mchungaji alivuta pua mara kadhaa akauliza ni harufu gani. Mume wangu akamwambia Msomaji ana kifua, amepakwa dawa. Tukarudi uani tukala wali wa nazi na kuku na mbaazi mpaka jua likageuka, na keki ikakatwa kwa panga dogo kwa sababu kisu kiligoma. Wazee wa Kaloleni waliila kwa heshima. Mmoja aliuliza ni tofali la wapi.

Mnadhani alibadilika? Juma lililofuata alikuwa shambani na koti lake. Nikamwambia kwa uchokozi, "Msomaji, leo dzua kali." Akanijibu, "Jua, mama." Alieleza kila aliyemwuliza na asiyemwuliza kwamba siku ile alikunywa kwa kuwastahi wageni, na kwamba neno lile moja alilolisema alifundishwa palepale na mzee mfupi. Ati alifundishwa hata lafudhi yake, kwa kupepesa jicho tu. Tukaitikia, "Ahaa." Ila bakora ya kuvunjia vibuyu hatukuiona tena, na wagema wakaacha kukimbia.

Vita vilikwisha, waliorudi wakarudi. Raheli alizaa Kaloleni huko, wawili, watatu. Mkewe Msomaji akafa. Yeye mguu ukamwuma mpaka akashindwa kulima, akawa anakaa mlangoni. Siku moja nikampelekea viazi vitamu, nikaketi naye, nikamwamkia, akaniitikia. Tulikuwa watu wazima sasa, sote wawili, na midomo yetu ilikuwa imechoka kuficha.

"Msomaji," nikamwambia, "mimi nimekuwa jirani yako muda mrefu. Niambie. Ulikuwa unajua kilugha wakati wote. Kwa nini ulijinyima?"

Nilidhani ataniambia ni Kiarabu. Alimenya kiazi taratibu.

"Niliposhuka mjini nilikuwa kijana," akasema. "Nilibeba makuti kichwani mpaka Mvita, kwenye nyumba ya watu wakubwa. Jua kali, koo limekauka. Bwana mwenye nyumba amekaa barazani na wageni wake, na mabinti zake wako dirishani. Mkewe akatoka, mama mwema, akaniona nimechoka. Akaniambia, 'Kijana, maskini. Wataka nini nikupe?' Nami nilikuwa na adabu zangu nilizotoka nazo nyumbani. Nikapiga goti. Nikamwambia mbele ya mumewe, 'Mama, naomba uchi wako. Kidogo tu.'"

Nilijaribu kujizuia. Mungu anajua nilijaribu. Kicheko kikanitoka puani, kikanitoka machoni, kiazi kikaniponyoka, nikashika nguzo ya mlango nikacheka mpaka mbavu zikauma. Ati uchi wako, mama! Kidogo tu!

"Yule bwana alinipiga na bakora mpaka barabarani," akaendelea, hakuharakisha. "Na kila nilipopita mtaa ule, watoto walinifuata wakiniimbia. Nikaapa neno lile halitatoka tena kinywani mwangu, wala maneno yote yaliyozaliwa pamoja nalo."

Nilikuwa bado nacheka, najifuta machozi kwa kanga, namwomba radhi huku nacheka. Yeye akangoja. Akanitazama kama mtu anayesikiliza kitu anachokitambua.

"Hivyo hivyo, Mama Daudi," akasema. "Hivyo hivyo ndivyo walivyocheka."